HP Jornada 720: Prosesa Ndiyo Sababu ya Kuichagua

Anayetafuta leo kompyuta ya mkononi ya zama za Windows CE, mfumo wa Microsoft wa vifaa vidogo, kwa kawaida hulinganisha skrini, kibodi na kasi, ilhali jambo la kwanza kuulizia ni prosesa. Kwa kigezo hicho HP Jornada 720, iliyotoka mwaka 2000, inazishinda nyingi za rika lake.

Windows CE iliendeshwa na prosesa za koo mbalimbali, zikiwamo SH3 ya Hitachi, MIPS na ARM. Menyu na aikoni zilifanana kote, lakini programu iliyoandaliwa kwa SH3 haikufanya kazi kwenye MIPS, kwa kuwa kila ukoo una maagizo yake. Ndiyo maana faili nyingi za CAB, yaani za kusakinishia programu, hubeba jina la prosesa, na mtengenezaji asiye na muda wa kuandaa matoleo yote alitoa moja au mawili tu, wengine wakabaki mikono mitupu. Palm, mfumo shindani wa kompyuta za mkononi, ilipohamia ARM mwaka 2002 iliwawekea watumiaji wake njia ya kuendelea kutumia programu za zamani, na naona huo ulikuwa uungwana mkubwa.

Jornada 720 ina prosesa ya ukoo wa ARM, StrongARM SA-1110 ya MHz 206, na kumbukumbu ya MB 32. Pocket PC 2002, mfumo uliojengwa juu ya Windows CE kwa vifaa vidogo zaidi vya mkononi, ilipokuja ikikubali ARM peke yake, watengenezaji wakaziacha SH3 na MIPS. Hapo ndipo Jornada 680 yenye SH3, na hata NEC MobilePro 780 yenye MIPS, ambayo kibodi yake pana naipenda zaidi, zilipoanza kukosa programu mpya.

Hata hivyo ARM haitoshi peke yake. Programu nyingi za Pocket PC hudai faili ya mfumo wa Pocket PC iitwayo aygshell.dll, na zilipangwa kwa skrini ya kusimama yenye nukta 240 kwa 320; kwenye skrini ya kulala ya Jornada 720 yenye 640 kwa 240, vitufe vya chini hukatika visionekane. Zile za baadaye zilizoandaliwa kwa ARMV4I, aina ya ARM yenye maagizo mafupi yaitwayo Thumb, hazifunguki kabisa, kwa sababu SA-1110 haina maagizo hayo.

Kabla ya kulipa, iwashe mashine, ufungue paneli ya kudhibiti na uingie sehemu ya mfumo, ambako aina ya prosesa imeandikwa.