Kinoo cha almasi cha kukunja, baada ya miezi minane ya bahari na shamba

Mwaka jana, tukitoka Wesha, Pemba, kuelekea kisiwa cha Misali, kipande cha wavu wa nailoni kilijisokota kwenye panka ya mashine na mashua ikaanza kuchukuliwa na mkondo. Kisu nilikuwa nacho, lakini kilikuwa butu, na kinoo changu cha kuvuta, kile cha plastiki chenye mpasuo wa umbo la V, kilikuwa kimeota kutu kwenye skrubu hata vipande vyake vya karbaidi, kitu kigumu kuliko chuma kinachokwangua makali, vikawa vinacheza. Tulinasuka kwa kisu cha mwenzangu. Nilipokwenda Unguja nikapita soko la Darajani kutafuta kinoo kingine.

Nilichokichagua ni bati la chuma lenye urefu wa kiasi cha inchi 4, lililopakwa chembe za almasi upande mmoja kwa ukali wa namba 325 na upande wa pili namba 600, kwa hesabu ile ile ya msasa: namba ikipanda, chembe huwa laini zaidi. Mipini yake miwili hujikunja na kulifunika bati kama ala, nacho huingia katika mfuko wa shati. Nilikilipia shilingi 35,000, ilhali cha kuvuta huuzwa kwa bei ya sahani ya pilau.

Tofauti ya vinoo hivi haiko kwenye bei peke yake. Karbaidi haisagi chuma, bali hukikwangua na kukitoa nyuzinyuzi, kwa hiyo kisu hupata makali upesi lakini huliwa upesi vilevile. Tena mpasuo wake una pembe moja tu, na panga nene la shambani haliingii. Bati la almasi halikuchagulii: kisu, panga, shoka, hata ncha ya ndoana, vyote hunolewa, mradi mkono ujue pembe. Mimi hukisimamisha kisu wima juu ya bati, nikakilaza nusu, kisha nusu tena, nikapata kiasi cha digrii 22, zinazotosha kisu cha kazi. Panga hulinyanyua zaidi kidogo. Hunoa upande mmoja mpaka nikipitisha kidole gumba upande wa pili, kutoka ubapani kwenda nje ya makali, nihisi kikwaruzo chembamba, ndipo hugeuza. Usikandamize, kwani almasi hukata yenyewe, na nguvu nyingi hung'oa chembe kutoka katika madini ya nikeli yaliyozishika.

Jambo ambalo muuzaji hakuniambia, nami nimelijua kwa kukitumia kinoo, ni kwamba kwa kamba na nyavu ni bora kuishia kwenye namba 325. Makali yaliyolainishwa sana huteleza juu ya nailoni, ilhali yale yenye vijimeno visivyoonekana huikamata na kuikata. Namba 600 naiweka kwa kupasua samaki aina ya changu na kuchuna ngozi.

Kasoro zipo. Siku za mwanzo kilikwaruza vibaya mno, na ilinichukua visu kadhaa kabla hakijatulia. Kisu chenye meno ya msumeno hakinoleki kwa bati bapa. Kinataka kijiti cha mviringo. Na asiyezoea kushika pembe ataharibu kisu kimoja au viwili, kwa hiyo ajifunzie kile cha jikoni kilichokwisha kuchoka. Anayenoa nyumbani tu hana haja ya kukinunua: wazee wetu hunoa kwenye kitako cha kikombe cha kaure, pale pasipong'arishwa, na mimi siwacheki, maana visu vyao vinakata.

Nikirudi pwani hukisuuza kwa maji ya kisima na kukianika kikiwa wazi kabla ya kukikunja, kwani chumvi ikibaki kwenye bawaba huanza kutu usiku uleule. Nimekitia uzi wa mshipi kwenye tundu la mpini na kuufunga mkandani, kwa kuwa kikidondoka majini hakielei.