Kozi ya kuwaandaa walimu tarajali kufundisha ng'ambo: iliponifaa na iliponipotezea muda

Kwa mwalimu tarajali anayejiuliza kama ajiandikishe kwenye kozi ya maandalizi kabla ya kwenda kufundisha nje ya nchi kwa wiki chache, jibu langu ni ndiyo, ila uingie ukijua unachokitafuta. Mimi nasomea kufundisha hisabati. Kozi niliyohudhuria iliandaliwa na chuo pamoja na asasi inayotafuta shule za kuwapokea wanachuo. Sitawataja kwa majina. Ninachotaka ni kukupa cha kupimia kozi yoyote utakayoletewa.

Nianze na kilichonifaa zaidi, yaani vipindi vya kufundishana sisi kwa sisi. Mbinu yenyewe si mpya. Ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960: unafundisha kipande kifupi cha somo mbele ya wenzako wachache, unarekodiwa, mnaitazama rekodi pamoja, kisha unarudia. Hapa waliongeza sharti moja. Wenzetu waliokaa kama wanafunzi walipewa kadi yenye maneno 20 tu, na neno lolote lisilokuwamo kwenye kadi walipaswa kulichukua kama sauti isiyo na maana. Nilitakiwa kulinganisha sehemu mbili, theluthi mbili na robo tatu, kwa kutumia "tazama", "chora", "sawa", "kubwa", "kwa nini" na mengine machache. Maelezo yangu yote mazuri yakakosa pa kushika. Kilichobaki ni ubao, karatasi za kukunja, na swali moja lililoulizwa vizuri. Niliitazama rekodi ile nikaona wazi kwamba mambo mengi tunayosema mbele ya darasa tunajisemea wenyewe.

Mkufunzi wetu alikuwa na saa ya kupimia sekunde, na hakuitumia kutukatiza. Alipima muda tunaosubiri baada ya kuuliza swali. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali, kumgeukia mwingine au kujibu wenyewe. Wakizoeshwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka, na wanaokaa kimya siku zote nao huanza kusema. Mkufunzi akaongeza jambo ambalo naliamini kabisa: mtoto anayekusikia kwa lugha isiyo yake hafikirii hesabu peke yake. Analipeleka swali kwenye lugha yake, anakokotoa, kisha anatafuta maneno ya kulirudisha jibu kwako. Kumpa sekunde 1 ni kumwambia kwamba humhitaji. Tuliizoea kazi ya kunyamaza kama kazi nyingine yoyote, na hadi leo nikishauliza swali nahesabu kimoyomoyo.

Somo lililofuata kwa ubora lilikuwa dogo, na nahisi waandaaji wenyewe hawajui thamani yake. Kila mmoja aliambiwa atafute kurasa za kitabu cha kiada cha somo lake kutoka nchi aendako, aweke alama kila anapoona kitu kilichoandikwa tofauti na alivyozoea. Watu husema hisabati ni ile ile popote. Kurasa zile haziungi mkono maneno hayo. Ufaransa na Ujerumani huandika desimali kwa mkato: 3,14. Kwa hiyo 3,125 ni elfu tatu na ushei kwa msomaji mmoja, na kwa mwingine ni tatu na sehemu ya nane. Wafaransa wakigawanya kwa kirefu huweka kigawanyo upande wa kulia wa kigawanywa. Kuna madarasa ambamo 1 huandikwa na mkia mrefu juu, na 7 hukatwa kwa mstari katikati ili zisichanganywe. Mwalimu mgeni asiyejua haya atamkosoa mtoto aliyepata. Hilo peke yake lilitosha kuhalalisha kozi nzima machoni pangu.

Kulikuwa pia na zoezi la kutazama video ya darasa la kigeni bila sauti, huku tukijaza safu tatu: nilichokiona, ninavyokielewa, ninavyokipima. Wengi wetu tuliandika "wanafunzi wanaogopa" kwenye safu ya kwanza. Mkufunzi alifuta, akauliza macho yetu yaliona nini hasa. Tuliona mikono imekunjwa juu ya dawati na hakuna aliyesema. Basi. Woga tuliuleta sisi. Zoezi zuri, nalo lilihitaji muda zaidi ya lilioupata.

Muda ule ulikwenda wapi? Sehemu kubwa ililiwa na mhadhara wa mshtuko wa utamaduni, na hapa nina malalamiko ya dhati. Tulionyeshwa mchoro wenye umbo la U: mgeni anaanza kwa furaha, anaporomoka, anapanda tena. Mchoro huo chanzo chake ni utafiti wa Sverre Lysgaard wa mwaka 1955 juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa masomo na utafiti, na mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizieleza hatua za mshtuko huo kwa namna inayorudiwa mpaka leo. Lakini Lysgaard aliona kwamba wenye shida ya kuzoea ni waliokaa kati ya miezi 6 na 18. Sisi tulikuwa tunakwenda kwa wiki chache! Kwa kipimo hicho tungepanda ndege ya kurudi kabla mteremko haujaanza. Kinachompata mwalimu tarajali wa muda mfupi ni kingine: kichwa kinachouma kufikia mchana kwa kusikiliza lugha ngeni tangu asubuhi, kutojua kama ofisini uketi kama mwalimu au kama mgeni, na safari kuisha pale pale unapoanza kuyashika majina ya wanafunzi. Hakuna aliyetuambia lolote kati ya haya.

Fomu za bima, pasipoti na chanjo zilichukua saa nyingi, ilhali ukurasa mmoja uliochapwa vizuri ungetosha. Ulinzi wa watoto, kinyume chake, ulipitiwa haraka mno. Tuliambiwa "ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha", tukaendelea na jambo jingine. Ruhusa ya nani? Mkuu wa shule, mzazi, au mtoto mwenyewe? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamlinda mtoto katika faragha yake, ibara ya 16, na mtu anayesomea ualimu anapaswa kuijua ibara hiyo kabla hajanunua begi la safari. Nafasi ya simu darasani ni ndani ya mkoba. Wale watoto hawakuja shuleni ili wawe mapambo ya kurasa zetu.

Sasa nifike kwenye kipindi ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza, nacho kikawekwa mwishoni, jioni, tena kwa hiari ya mtu. Mwalimu mmoja wa shule mwenyeji alizungumza nasi kwa video. Alianza kwa upole, akatushukuru kwa kujitolea, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake. Kila anapopokea mwanachuo, alisema, mgeni huchagua mada kubwa inayompendeza, huifundisha kwa bidii, na huondoka ikiwa nusu. Yeye hubaki na darasa lililosikia njia mbili, na mtihani haumsubiri. Inabidi airudie mada yote tangu mwanzo, kwa vipindi alivyokuwa amevitengea mada nyingine. Akatuomba tumtumie azimio la kazi mapema, tuchague mada inayoweza kuanza na kuisha mikononi mwetu, na jaribio la mwisho tumwachie alitunge yeye.

Waliohudhuria tulikuwa wachache. Wengi waliokosa walikwenda na maandalio yale yale ya mwanzo, na siwalaumu, kwa kuwa kozi iliwaambia kwa ratiba yake kwamba mazungumzo hayo si ya lazima. Mimi niliweka kando aljebra niliyokuwa nimeiandaa, nikachukua takwimu: kukusanya data darasani, kuipanga kwenye jedwali, kuchora grafu, kuisoma grafu. Ni mada yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mwalimu mwenyeji wangu alinijibu kwa kuondoa somo moja na kuongeza jingine, na alikuwa sahihi, maana yeye ndiye anayewajua wanafunzi wake.

Nilipofika, kadi ya maneno 20 na tabia ya kusubiri vilinibeba tangu kipindi cha kwanza. Lakini lililofanya safari iwe na faida kwa wanafunzi, na si kwangu tu, ni jaribio lile. Mwalimu alilitoa nikiwa bado nipo. Tulisahihisha pamoja, tukakuta kundi zima lililosoma kila mraba wa grafu kama mtu 1 wakati uliwakilisha watu 5. Kulikuwa na muda wa kurudi kwao, na nilirudi. Kama ningekuwa katikati ya aljebra siku ile, kazi hiyo ingemwangukia mwenzangu peke yake.

Kikao cha baada ya kurejea kilikuwa cha kuonyeshana picha, na hapo kozi iliishiwa kabla ya wakati. Andalio la kwanza tulilolichora kabla ya kuondoka lingewekwa kando ya tulilolifundisha kweli, tungekuwa na mengi ya kujadili.

Kwa hiyo kabla hujajiandikisha, waulize waandaaji utazungumza lini na mwalimu mwenyeji, na kama ana haki ya kuikataa mada yako. Wakikujibu kwamba hayo utayapanga mwenyewe ukishafika, tafuta kozi nyingine. Wakikupa tarehe, tena iwe ya mwanzoni kabisa, jiandikishe, hata kama utalazimika kuvumilia tena mchoro wa U.