Kliniki ya ini, Mbeya: huduma ya kupima maji ya tumbo

Mgonjwa wa sirosisi ya ini (ini lililojaa makovu) aliyejaa maji tumboni anatakiwa apimwe maji hayo siku anayolazwa. Hapa hilo wanalitimiza, hata kama hana homa wala maumivu. Wako sahihi: maambukizi ya bakteria kwenye maji hayo hujificha, na pengine dalili pekee ni kuchanganyikiwa au mkojo kupungua.

Sindano huingia chini kushoto mwa tumbo, mbali na makovu. Mililita 10 huwekwa kwenye chupa ya kuoteshea bakteria palepale kitandani. Maji yakipelekwa maabara ndani ya bomba la sindano, bakteria huwa wachache mno na mara nyingi hawaoti. Neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, antibiotiki ya seftriaksoni huanza bila kungoja majibu ya kuotesha. Gentamisini, antibiotiki nyingine, hawaigusi, kwa sababu huweza kudhuru figo. Hapo wanastahili pongezi.

Kasoro ni albumini, protini inayotiwa kwenye mshipa ili kulinda figo. Siku ya kwanza inahitajika gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito, siku ya tatu gramu 1. Mtu wa kilo 60 anaanza na gramu 90, yaani chupa tisa za mililita 50 za asilimia 20. Duka la dawa la ndani huwa na mbili tatu, basi ndugu wanatumwa kuzunguka mjini huku figo zikizidi kudhoofika. Kipimo cha marudio baada ya saa 48 nacho husahaulika wikendi.

Wanaotoka Tukuyu au Chunya wafike asubuhi, wakiwa na orodha ya dawa zote, hasa za maumivu. Nyota tatu na nusu.