Begi la Lita 40 na Mpaka wa Kilo 7: Uzoefu Wangu wa Kusafiri kwa Ndege Kutoka Lubumbashi

Begi ninalolieleza hapa ni la mgongoni, la kitambaa cha nailoni, lenye ujazo wa lita 40, na zipu yake huzunguka pande tatu hata likafunguka lote kama valizi, yaani sanduku la nguo. Nimelitumia kwa muda wa kutosha katika safari za kikazi kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, Nairobi na Addis Ababa, wakati wa baridi na wakati wa mvua, na nasema bila kusita kwamba limenifaa kuliko sanduku lolote la magurudumu nililowahi kuwa nalo. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, kwa kuwa mabegi ya namna hii yanatengenezwa na wengi. Ninachotaka kueleza ni umbo lake, uzito wake, na nguo zinazostahili kutiwa ndani yake.

Jambo la kwanza ambalo msafiri anayeondokea kwetu anapaswa kulitazama ni uzito. Watu wengi wanaponunua begi la kuingia nalo ndegeni huuliza vipimo vya urefu na upana, na kweli vipimo hivyo vina maana, lakini kinachowakwamisha wengi kwenye kaunta ni mizani. Ethiopian Airlines humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na kipande kimoja kisichozidi kilo 7, chenye vipimo visivyozidi sentimita 55 kwa 40 kwa 23. Kenya Airways huruhusu kilo 12. Kwa kuwa safari moja inaweza kukuchukua katika ndege za mashirika mawili, mpaka wa kufuata ni ule ulio mdogo kuliko yote, nao ni kilo 7. Sasa fikiria: sanduku gumu la magurudumu, likiwa tupu, mara nyingi hufikia kilo 3. Umebakiwa na kilo 4, na kompyuta pamoja na chaja yake ikishaingia, nguo zako hazina tena nafasi katika hesabu. Begi langu likiwa tupu lina kilo 1 na gramu 300. Tofauti hiyo ndiyo nguo za kubadilisha, soksi na sweta.

Kabla ya kwenda Luano, uwanja wetu wa ndege, napima begi nyumbani kwa mizani ndogo ya ndoano, ile ambayo wauzaji wa samaki wakavu huitumia sokoni. Asiye nayo anaweza kupanda juu ya mizani ya kupimia watu akiwa amelibeba begi, kisha akapanda tena mikono mitupu, akatoa namba moja kwenye nyingine. Napenda begi lisome kilo 6 na nusu, kwa sababu mizani za viwanjani hazikubaliani zote, na nusu kilo hiyo huniondolea mabishano mbele ya foleni ya watu waliochoka.

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nijibane hivyo, wakati tikiti nyingi zinazotoka kwetu zinatoa nafasi ya vipande viwili vya kilo 23 kila kimoja bila malipo ya ziada. Ni swali la haki. Mtu anayekwenda kukaa miezi, au anayepeleka watoto kwa bibi yao, atumie kilo zake zote. Lakini anayekwenda kwenye mkutano wa siku chache, akabadilisha ndege njiani kwa muda mfupi, anaukabidhi mkutano wake wote kwa mikono asiyoiona. Katika safari moja, sanduku la mwenzangu wa kazi lilibaki kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, naye akasimama kutoa ripoti mbele ya wageni akiwa na suruali ileile ya jinzi aliyolala nayo safarini. Hakuna aliyemlaumu, ila mimi nilimwona jinsi alivyokuwa akijaribu kujificha nyuma ya meza. Sisi Wakongomani tunajali mavazi. Mtu akipokonywa nguo zake siku ya kazi, amepokonywa na sehemu ya sauti yake.

Ugumu wa kupanga nguo kutoka Lubumbashi unatokana na hali ya hewa. Mji wetu upo juu ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu anatoka nyumbani saa kumi alfajiri akitetemeka, kisha anashuka Kinshasa kwenye joto na unyevu unaomfanya avue kila kitu. Akielekea Addis Ababa mwezi huohuo, anaukuta mji ulio juu zaidi ya mita 2,300, tena katikati ya majira yake ya mvua. Nairobi nako Julai ni mwezi wa mawingu na ubaridi. Ukitaka nguo maalumu kwa kila mji, hata masanduku mawili hayatatosha. Njia niliyoiona inafaa ni kuvaa tabaka juu ya tabaka: fulana nyepesi, shati au blauzi juu yake, sweta jembamba la sufu, na juu kabisa koti jepesi linalozuia upepo na mvua. Moja moja havina nguvu, lakini vikivaliwa pamoja vinatosha kwa alfajiri ya Luano, na kila kimoja kinaweza kuvuliwa kadiri jua linavyopanda.

Nguo nzito kuliko zote huvaliwa mwilini siku ya safari. Kilicho mwilini hakipandi kwenye mizani. Kwa hiyo koti, sweta na viatu vya ngozi vinasafiri nami nikiwa nimevivaa, na mifuko ya koti inabeba simu, chaja na miwani. Ndani ya ndege baridi ya kiyoyozi hufanya koti lile lisiwe mzigo hata kidogo.

Kuhusu vitambaa, nina maoni thabiti. Jinzi ni nzito, na ikilowa haikauki kwa usiku mmoja. Fulana ya pamba tupu ni nzuri kwa ngozi, ila Kinshasa wakati wa mvua utaifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa bado na unyevu kwapani. Poliesta hukauka upesi sana, lakini hushika harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa. Kilichonipendeza zaidi ni sufu nyembamba ya kondoo wa aina ya merino: hunyonya unyevu mwingi kabla mtu hajahisi amelowa, haipokei harufu haraka, na inafaa joto na baridi. Ni ghali, sikatai, na ndiyo maana nina fulana chache tu za namna hiyo, nazo nimezipata kwa subira kwenye mitumba, ambako muuzaji mara nyingi hajui anachouza. Soma kitambulisho kilichoshonwa ubavuni kabla ya kupatana bei.

Kufua hotelini hakuhitaji ufundi. Nafua kwa sabuni ya kipande, nakamua, kisha naitandaza nguo juu ya taulo kavu, nazikunja pamoja kama mkeka, na kuzikanyaga kwa miguu mpaka taulo linywe maji yote yaliyobaki. Nguo ikitoka hapo na kutundikwa karibu na dirisha, fulana ya sufu au ya mchanganyiko huwa kavu asubuhi. Kwa namna hii, nguo za siku 3 zinatosha safari ya wiki mbili.

Sasa nifike kwenye kitenge, kwa sababu najua akina mama wenzangu watauliza. Siwezi kwenda kuuwakilisha mji wangu mahali popote bila kikwembe, kama tunavyokiita kitenge kwetu, na wala sioni sababu ya kukiacha. Tatizo ni kwamba libaya (blauzi) na maputa yake mawili (vitenge vya kujifunga kiunoni), yakishonwa kwa kipande kizima cha yadi 6, kwa mizani yangu hukaribia kilo 1. Nilichofanya ni kumwomba fundi cherehani anishonee gauni moja la yadi 3, bila bitana, bila sponji za mabegani, na bila dentela (lesi), lenye mkato ulionyooka usiohitaji pasi ya muda mrefu. Chapa nimechagua ya rangi za giza zilizochanganyika, kwa kuwa mikunjo haionekani sana juu yake na vumbi letu jekundu halimwaibishi mvaaji. Gauni hilo nalizungusha kama mviringo, silikunji pembe nne, na linakaa juu kabisa ya begi. Nimelivaa kwenye ufunguzi wa mikutano na kanisani Jumapili, na kila mara limepokewa kwa heshima ileile ambayo vazi zito lingepata. Kilemba changu nacho hufanya kazi ya shali ndani ya ndege.

Viatu ni jozi mbili tu: vya ngozi vyeusi ninavyovaa safarini, na ndala za mpira kwa chumbani. Anayependa viatu virefu ajue kwamba vitamla nusu kilo na zaidi, na atavivaa kwa muda wa saa mbili tu.

Vimiminika ndivyo vinavyowaumiza watu wa kwetu, hasa kwa sababu ya zawadi. Tangu mwaka 2006, baada ya njama ya mabomu ya vimiminika iliyogunduliwa Uingereza, nchi nyingi zimeweka kanuni ya chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko wa lita 1 unaoonyesha vilivyo ndani. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, hata kama ndani yake kimebaki kidogo. Kopo la mililita 200 lililobakiza tone moja la mafuta ya kujipaka litachukuliwa. Dawa ya meno, krimu na vaselini vyote vinahesabiwa humo. Asali pia, na hapa ndipo penye maumivu, maana asali ya misitu ya Katanga ndiyo kila ndugu aliye mbali anayoiomba. Pilipili ya kusagwa katika mafuta, mawese na siagi ya karanga navyo havipiti. Mama mdogo aliponiletea chupa ya asali usiku wa kuamkia safari, nilimwambia, "Mama, begi hili halipiti na asali, lakini finkubala wakavu nitawapeleka, nipatie kikombe kimoja." Alielewa, na finkubala, wale viwavi wetu wa kuliwa, walifika Kinshasa bila kumwaga hata punje. Kwa sababu hiyohiyo nimeacha shampuu ya maji na kuchukua sabuni ya kipande kwa nywele, mwili na nguo.

Anayekwenda au kupitia Kenya akumbuke kwamba nchi hiyo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Viatu na nguo chafu nimevishonea vifuko vya mabaki ya kitenge, na vifuko hivyo vinapanga begi vizuri kuliko plastiki.

Pawabenki kwa mtu wa Lubumbashi ni kama chumvi, kwa jinsi umeme unavyokatika. Isafiri mkononi daima, kamwe isiwekwe kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege, na uwezo wake usizidi wati-saa 100 kama hujapata kibali. Ile iliyoandikwa 20,000 kwa kipimo cha miliampia-saa ina takriban wati-saa 74, basi haina shida. Jambo la kuangalia ni hili: ndege ndogo zina makabati mafinyu juu ya viti, na wahudumu wanaweza kuchukua begi lako chini ya ngazi ili liwekwe chini. Wakati huo toa pawabenki, pasipoti, dawa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla hujalikabidhi. Mimi vitu hivyo navitia katika kifuko kimoja chenye kamba, kilicho juu ya vyote, ili nikitoe kwa mkono mmoja bila kuwasimamisha walio nyuma yangu.

Begi lenyewe lina kasoro zake. Mfuko wa pembeni wa chupa ya maji haufai kitu, kwa sababu begi likijaa mfuko hubanwa na chupa haiingii. Mkanda wa kiunoni ni mwembamba na unaumiza ukitembea mwendo mrefu, kwa hiyo nimeukata, nikaokoa gramu chache. Vumbi la kiangazi liliingia katika meno ya zipu mpaka ikawa inagoma kwenye kona. Nimekuwa nikiisafisha kwa mswaki mkavu na kuipaka kipande cha mshumaa, na sasa inateleza. Mshono wa mpini wa juu ulianza kuachia, na fundi viatu wa mtaani kwetu akaurudia kwa uzi wa nailoni wa kushonea soli. Tangu hapo haujaachia tena. Kutokuwa na magurudumu ni kasoro kwa mwenye mgongo mbovu, naye simshauri alinunue hata kwa bei ya hisani.

Kwa mfanyabiashara anayekwenda kuleta bidhaa, au mama mwenye mtoto mchanga, begi hili ni dogo. Kwa anayekwenda mkutanoni, masomoni kwa muda mfupi au kumwona mgonjwa, ninalipendekeza kwa moyo wote, mradi atafute lenye uzito usiozidi kilo 1 na nusu likiwa tupu, na alipime yeye mwenyewe dukani badala ya kuamini karatasi iliyoning'inizwa kwenye zipu.