Bango la Korongo wa Vishungi: Linafaa Kununuliwa, Ila Mti Ule Uondolewe

Bango la kufundishia linalomwonyesha korongo wa vishungi linauzwa shilingi 12,000 katika duka moja la vifaa vya shule hapa Mtwara mjini. Kwa mwalimu wa sayansi ambaye wanafunzi wake wamezoea kuwaona yangeyange kwenye majaruba ya Kitere, fedha hiyo haipotei.

Mchoro wa ndege mwenyewe umefanywa kwa uangalifu mkubwa. Shingo ni nyeupe, mgongo wa kijivu, tumbo jeusi, na manyoya marefu ya mbawa yameshuka nyuma hata yakaufunika mkia. Ukisogeza uso karibu na karatasi utaviona hata vijipele vya ile ngozi nyekundu isiyo na manyoya, inayoanzia kwenye shina la mdomo hadi mbele ya macho, na chini yake vishungi viwili vinavyoning'inia, vimefunikwa manyoya meupe. Kando yake amechorwa mtoto wa shule ili awe kipimo, jambo lililonifurahisha sana, kwa kuwa ndege huyu hufikia sentimita 175 na hakuna korongo anayempita kwa urefu barani Afrika.

Lakini mchoraji amemweka jike juu ya mti, akiatamia mayai matatu. Korongo huyu hajengi mtini. Hulundika majani na nyasi katikati ya maji ya kina kifupi, hutaga yai moja au mawili, na hata yakiwa mawili hulea kifaranga mmoja tu. Wanaolala mitini ni korongo wenye taji, na nadhani hapo ndipo mchanganyiko ulipoanzia. Kosa hili linaniuma, kwa sababu mwanafunzi anayeamini kwamba kiota kiko mtini hataelewa jinsi bwawa lililo mbali linavyoweza kumpunguza ndege. Maji yakifunguliwa nje ya msimu, kiota husombwa. Mafuriko ya kila mwaka yakikoma, hupungua mimea ya majimaji ambayo viazi vya mizizi yake ndiyo chakula chake kikuu. Hayo yamewapata korongo wa delta ya Zambezi, huko kwa jirani zetu wa Msumbiji, baada ya mto huo kuzibwa kwa bwawa la Kariba na kisha la Cahora Bassa, lililoanza kujazwa mwaka 1974.

Ramani ya makazi ni ya kuaminika. Inaonyesha Malagarasi-Muyovozi, ardhi oevu yetu ya magharibi mwa Tanzania iliyoingizwa mwaka 2000 katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, pamoja na nyanda za Kafue nchini Zambia, wala rangi haikuvutwa hadi pwani yetu ili kumpendeza mnunuzi.

Plastiki ya juu ni nyepesi. Kwa unyevu wa huku, kingo huanza kuachana mapema, kwa hiyo zibandikwe gundi kabla ya kutundikwa. Muuzaji alinisikiliza kwa heshima na kuahidi kumfikishia mchapaji suala la kiota. Toleo lijalo likirekebishwa, nitaishauri shule yetu inunue la kila darasa.