Kibanda cha kuingiza muvi Ngamiani: Mzee Majuto yupo, ila kagua kabla hujaondoka

Mgahawa wangu wa chai na supu uko Ngamiani, hapa Tanga, na runinga ninayo ukutani. Siku isiyo na mpira wateja wanataka filamu za mchekeshaji Mzee Majuto tu, kwa hiyo flashi yangu naijazisha kwenye kibanda kimoja jirani na sokoni. Jina silitaji, kijana wa kibanda ananidai mia tano na mimi namdai sehemu ya pili ya filamu.

Bei haina shida: elfu mbili flashi inajaa, na shikamoo yake haikosekani. Tatizo ni mpangilio. Kila chenye sura ya Majuto kakirundika kwenye folda moja, pamoja na vipande vya mitandaoni vya watoto wa juzi. Filamu moja imeingizwa mara mbili kwa majina tofauti. Nyingine inakatika mzee akiwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Mteja aliyekuwa ameagiza chapati nyingine ili aone nani yuko nyuma ya ule mlango, alilipa akaondoka kanuna.

Na huyu si mtu wa kurundikwa. Amri Athumani, ndilo jina lake halisi, alizaliwa hapa hapa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza jukwaani akiwa mtoto wa miaka 9, zamani sana kabla ya hizi kamera za Bongo Muvi. Ukimtazama, jukwaa unaliona. Wachekeshaji wengi wanapiga kelele, yeye anangoja. Akiulizwa habari ya hela ananyamaza, anamtazama muulizaji kuanzia viatuni mpaka usoni, kisha anajibu kifupi tu, na mgahawa mzima unashika mbavu. Baba bahili, mzee mpenda vimwana, mtu wa shamba kaingia mjini: wazee ni walewale, lakini bahili wake unaona kabisa hela inamuuma. Mimi nampenda zaidi akiwa na Sharo Milionea, yule kijana wa mbwembwe. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012, na kwa macho yangu mzee hakupata tena mtu wa kumchokoza vile.

Kinachonikera hasa ni hela inakokwenda. Majuto alipougua mwaka 2018, akitibiwa Muhimbili na India, habari ya mikataba yake ya kazi, kwamba ilimnyonya, ilizungumzwa nchi nzima mpaka waziri wa sanaa wa wakati ule, Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, akazikwa huku kwao. Sasa elfu mbili yangu inaishia kwenye droo ya kijana. Nikamuuliza, "Mwanangu, familia ya mzee wanapata chochote hapa?" Akacheka. "Mama, hata mimi naletewa na mtu kutoka Dar." Diski halali nilizitafuta kwanza, maduka niliyoyajua siku hizi yanauza kava za simu.

Nampa nyota 3 kati ya 5. Nenda asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, umwambie akufungulie kila filamu uione mwanzo na mwisho wake. Flashi peleka tupu, maana nafasi ikimwishia anafuta bila kuuliza. Yangu ilikuwa na video ya harusi ya binti yangu.