Rudy Gobert kwa Minnesota: mzigo mzuri, bei kali, na masharti ya kusoma kabla ya kulipa

Tuanze na risiti. Julai 2022 Minnesota Timberwolves, timu ya ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, waliipa Utah Jazz wachezaji watano: Patrick Beverley, Malik Beasley, Jarred Vanderbilt, Leandro Bolmaro na Walker Kessler, kijana aliyechaguliwa wa 22 kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana wapya, iliyofanyika siku chache tu kabla. Juu ya hao wakaongeza machaguo yao ya drafti ya raundi ya kwanza ya 2023, 2025 na 2027 bila kinga yoyote, la 2029 lenye kinga ya nafasi tano za juu tu (likiangukia humo linabaki kwao), na haki ya Utah kubadilishana nao chaguo la 2026. Walichobeba ni mtu mmoja, Gobert, wa miaka 30, urefu mita 2.16, mikono ikinyooshwa inafika mita 2.36, Mlinzi Bora wa Mwaka mara tatu, mwenye mkataba uliokuwa unaanzia zaidi ya dola milioni 38 kwa msimu na kupanda kila mwaka.

Na senta, yaani namba tano, mchezaji mrefu wa karibu na ringi, walikuwa naye. Karl-Anthony Towns, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2015, alikuwa ametoka kwenye msimu wa pointi 24.6 kwa mechi, akifunga mitupo ya pointi tatu kwa asilimia 41, kiwango ambacho hata magadi wengi, wachezaji wa nje wanaoongoza mpira, hawakifikii. Timu ilishinda mechi 46 kati ya 82. Kwa hiyo swali la mashabiki lilikuwa halali: kwa nini umsogeze namba tano wa aina hiyo ili umlete asiyeweza kutupa hata kutoka mita nne?

Jibu liko kwenye namna walivyokuwa wakilinda. Mpinzani alipoleta kizuizi, yaani mchezaji anayesimama kumziba mlinzi, ili kumfungulia gadi wake njia, Towns alipanda juu mpaka pale pale kwenye kizuizi kumzuia mwenye mpira, na wenzake watatu nyuma wakakimbizana kuziba mapengo. Beverley na Vanderbilt walikuwa na miguu ya kazi hiyo. Ila mfumo huo una kasoro isiyotibika kwa juhudi: mpira ukigonga chuma, mtu wako mrefu yuko mita saba kutoka kwenye ringi. Ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, zinakwenda kwa mpinzani, naye anatupa tena. Mtoano wa 2022 dhidi ya Memphis uliwaumbua. Mechi ya tatu, nyumbani, waliongoza kwa pointi 26 na bado wakafungwa. Wakatolewa 4–2.

Gobert anafanya kinyume chake. Hapandi. Kizuizi kikiwekwa, yeye hubaki hatua mbili tatu ndani ya mstari wa mitupo huru, mgongo wake ukiwa kwenye ringi, mikono juu. Gadi wa kwake anapita juu ya kizuizi na kumfukuza mwenye mpira kutoka nyuma. Mshambuliaji anabanwa kati ya watu wawili na kubakiwa na mtupo wa katikati, ule wa pointi mbili wa mita nne au tano. Piga hesabu: ukifunga asilimia 40 ya mitupo hiyo unapata pointi 0.8 kwa kila shambulizi. Mpira wa chini ya ringi kwa asilimia 60 ni pointi 1.2, na wa pointi tatu kwa asilimia 36 ni karibu 1.1. Ulinzi wote wa Gobert ni kumlazimisha mpinzani achague mtupo wa 0.8 usiku kucha, kisha kuchukua ribaundi.

Wengi hudhani hii ni kazi ya urefu. Mashabiki wa Tanzania wanajua si hivyo. Hasheem Thabeet ana mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na bado hakudumu. Kinachouzwa kwa dola milioni 38 ni muda: kujua ni lini usogee nusu hatua kwa mwenye mpira na lini urudi kwa senta anayekimbilia ringi, bila kufanya madhambi, mara sitini kwa mechi.

Sasa masharti, ambayo Minnesota hawakuyasoma vizuri mwaka wa kwanza.

Mfumo huu unadai gadi anayeweza kupenya kizuizi bila kunasa. Gadi akinasa sekunde moja, mwenye mpira anamfikia Gobert akiwa na kasi na nafasi, na senta analazimika kuchagua kati ya mtupaji na mkimbiaji. Minnesota waliwauza Beverley na Vanderbilt, walinzi wao wawili wenye njaa, wakabaki na D'Angelo Russell mbele. Tatizo hilo lilikuwa hadharani tangu Juni 2021, pale Clippers walipocheza na Utah bila senta wa kweli, wote watano wakiwa watupaji. Magadi wa Utah walipitwa kwenye hatua ya kwanza, Gobert akaja kuziba, na kona ikabaki wazi. Terance Mann akafunga pointi 39 na Utah, waliokuwa wakiongoza kwa 25, wakatolewa. Lawama alibebeshwa Gobert. Kwa maoni yetu alibebeshwa nusu yake kwa haki. Nusu nyingine ni ya waliopitwa.

Upande wa mashambulizi kuna sharti la pasi. Gobert hachezi mpira wa chini vizuri. Pasi ikimfikia magotini anaipoteza au anahitaji kudunda, na akidunda mara mbili shambulizi limekufa. Anataka mpira juu ya kichwa, wakati ameshageuka kutoka kwenye kizuizi na bado ana hatua moja au mbili kufika kwenye ringi. Russell hakuwa na subira hiyo, na mara nyingi alitupa mwenyewe. Februari 2023 timu ikamwondoa na kumleta Mike Conley, aliyecheza na Gobert Utah. Conley anajua kumweka mlinzi mgongoni kwake, kusubiri senta wa mpinzani ajitoe, ndipo aachie. Kama kuna ununuzi mmoja uliookoa ule mkubwa, ni huo, na ulikuwa wa bei ya kawaida.

Matokeo ya msimu wa kwanza yalikuwa mabaya kwa bei hiyo: ushindi 42, vipigo 40, pungufu ya mwaka uliotangulia. Towns aliumia msuli wa ndama ya mguu Novemba na akacheza mechi 29 tu, kwa hiyo jaribio lenyewe la kuwachezesha warefu wawili pamoja halikufanyika ipasavyo. Tarehe 9 Aprili 2023, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Gobert alimpiga ngumi Kyle Anderson wakati wa mapumziko mafupi, akarudishwa nyumbani na kukosa mechi iliyofuata. Siku hiyo hiyo Jaden McDaniels, mlinzi wao bora wa pembeni, alipiga ukuta akavunjika mkono. Denver wakawatoa 4–1. Wakati huo huo kule Utah, Kessler, mwenye mshahara usiofika dola milioni 3, alikuwa akizuia mitupo 2.3 kwa mechi katika mwaka wake wa kwanza. Angekuwa mhakiki mwenye haraka, angeandika hapo hapo kwamba huu ni wizi.

Msimu wa 2023–24 ndio unaoonyesha mzigo ukiwa umefungwa sawasawa. McDaniels na Anthony Edwards wakapewa kazi ya kufukuza magadi juu ya vizuizi, Conley akashika usukani tangu mechi ya kwanza, Towns akakubali kuwa namba nne, yaani mrefu wa pili anayecheza pamoja na senta. Ushindi 56, ulinzi bora kuliko wote kwenye ligi, na Gobert akapata tuzo ya nne ya Mlinzi Bora. Kabla yake waliofika nne walikuwa wawili tu: Ben Wallace na Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa.

Mechi za kutazama tena ni zile za raundi ya pili dhidi ya Denver, waliokuwa mabingwa watetezi. Aliyesimama na Nikola Jokic, senta wa Denver, kwa muda mwingi hakuwa Gobert. Alikuwa Towns, yule yule aliyeonekana amenyang'anywa nafasi. Gobert aliwekwa kwa Aaron Gordon, ambaye hawakuogopa mitupo yake ya mbali, ili awe huru kunyemelea chini ya ringi na kumvuruga Jokic akigeuka. Towns ana uzito wa kusukumana, na nyuma yake kuna mikono mirefu. Mpango huo hauwezekani ukimuuza senta wako wa zamani siku unayomnunua nyota. Mechi ya saba, ugenini, walikuwa nyuma kwa pointi 20 wakashinda 98–90 na kuingia fainali ya Kanda ya Magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2004.

Huko, Dallas wakawaonyesha ukomo wa dawa. Luka Doncic na Kyrie Irving ni watu wachache wanaofunga ule mtupo wa katikati kwa kiwango kinachoharibu hesabu ya 0.8. Tena Dereck Lively na Daniel Gafford walikuwa wakikimbilia ringi kila wakati, kwa hiyo Gobert akisogea kumkabili Doncic, mpira unapita juu yake na kuishia kwenye danki. Mechi ya pili iliamuliwa zikiwa zimebaki sekunde tatu: walinzi walibadilishana watu, Gobert akabaki na Doncic peke yake nje ya mstari, Doncic akarudi nyuma hatua moja na kufunga pointi tatu. 109–108. Dallas wakamaliza 4–1. Kocha mwenye nyota wa aina ya Gobert lazima aamue mapema kama dakika mbili za mwisho anamtoa na kumwingiza anayeweza kukaba nje. Minnesota walikuwa na Naz Reid, ambaye kila timu yenye senta mkubwa inamhitaji mtu wa aina yake kwenye benchi.

Kisha ikaja ile gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Msimu wa 2024–25 mikataba mipya mikubwa ya Edwards na Towns ilianza kwa pamoja, huku wa Gobert ukiendelea, na kanuni mpya za ligi zinaibana timu inayovuka kiwango cha pili, kile cha juu zaidi, cha jumla ya mishahara: haiwezi hata kuunganisha wachezaji wawili kwenye mabadilishano ili ipate mmoja. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 Towns akaenda New York Knicks, wakaja Julius Randle, Donte DiVincenzo na chaguo moja la raundi ya kwanza. Yaani kubadilisha senta kulikoanza 2022 kulikamilika baada ya miaka miwili na ushee. Ukihesabu bei ya Gobert bila kumweka Towns ndani, umehesabu nusu.

Hata hivyo mtambo haukuzimika. Ushindi 49, kisha Lakers wakatolewa 4–1 kwenye raundi ya kwanza ya 2025. Lakers walikuwa wamempeleka Anthony Davis Dallas Februari na hawakuwa na namba tano wa kutegemewa; mechi ya tano Gobert alifunga pointi 27 na kuchukua ribaundi 24. Wakafika tena fainali ya kanda, wakafungwa 4–1 na Oklahoma City.

Ukilinganisha na wanunuzi wengine, Minnesota hawakufanya vibaya. Philadelphia, Februari 2001, walimpata Mutombo kwa kumtoa Theo Ratliff, aliyekuwa akiongoza ligi kwa kuzuia mitupo lakini ameumia kifundo cha mkono, pamoja na Toni Kukoc na wengine wawili. Walifika fainali mwaka huo huo wakafungwa na Lakers 4–1. Ulikuwa ununuzi wa mwaka mmoja na nusu: kiangazi cha 2002 Mutombo akauzwa New Jersey. Lakers wa 2012 ni mfano wa upande mbaya. Walimtoa Andrew Bynum wakampata Dwight Howard, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo Aprili na mwenye mwaka mmoja tu kwenye mkataba. Pau Gasol naye alipenda kucheza karibu na ringi, wakawa wanakanyagana. Ushindi 45, San Antonio wakawatoa 4–0, Howard akahamia Houston. Ajabu ni kwamba Bynum hakucheza hata mechi moja Philadelphia, kwa hiyo hata kubaki naye kusingewasaidia.

Kwa hiyo timu inayofikiria hatua hii iangalie kwanza magadi wake, si senta wake. Kama wawili wanaoanza hawawezi kupita juu ya kizuizi, fedha iende huko. Iangalie pia namba nne: lazima awe mtupaji wa kuheshimiwa kona na juu, vinginevyo eneo la sekunde tatu, lile lililo mbele ya ringi, litajaa watu wanne na nyota wako hatapata pa kukimbilia. Mkataba uwe na miaka isiyopungua mitatu, kwa sababu mwaka wa kwanza karibu wote unaishia kwenye kujifunza pasi na nafasi.

Kosa la Minnesota, kwa tathmini yetu, ni Kessler. Machaguo ya drafti ya timu inayoshinda huwa ya chini. Lile la 2023 liliangukia nafasi ya 16, Utah wakamchukua Keyonte George. Hilo linavumilika. Lakini kumtoa bure senta wa miaka 20, wa mtindo ule ule na wa mshahara mdogo, ni kumuuza mrithi siku unayomleta mzee. Chaguo zikaisha kiasi kwamba 2024 walipotaka gadi kijana, Rob Dillingham, walilazimika kuwapa San Antonio chaguo la 2031 na haki ya kubadilishana la 2030.

Gobert mwenyewe alipunguza makali kidogo. Oktoba 2024 aliacha mwaka wa zaidi ya dola milioni 46 aliokuwa na haki nao, akasaini misimu mitatu kwa milioni 110, na msimu wa 2025–26 ukashuka hadi kama milioni 35. Tofauti hiyo ndiyo iliyosaidia kuwabakiza Randle na Reid kiangazi cha 2025. Haikutosha kwa Nickeil Alexander-Walker, mmoja wa wale wachache waliojua kupita juu ya kizuizi, akaenda Atlanta.